Sahani Arobaini

Mguu wa kulia unapiga gurudumu.
Wa kushoto una kamba kifundoni,
na ncha ya pili ya kamba imefungwa kwenye susu.
Hivyo ndivyo ninavyofanya kazi, usiniulize kama ni vyema:
sahani ikizunguka, Toader anabembea,
sahani ikienda kombo, anaamka.

Arusi ya binti wa mwenye kinu ni baada ya Pasaka.
Sahani arobaini, jogoo katikati, mawimbi ukingoni,
na nusu ya malipo imeshageuka kuni na maziwa.
Juzi nilikuwa nimefika ya thelathini.
Leo nimerudi kumi na tisa. Nitaeleza.
Nje theluji ya Machi inayeyuka paani, tone, tone,
na Horezu nzima imelala isipokuwa mimi
na mbwa wa padri.

Mume wangu yuko Zaragoza, anapaka rangi kuta za watu.
Jumapili hupiga simu, uso umeganda kiooni:
"Ukichoka, pumzika."
Pumzika! Neno zuri. Nimelitundika msumarini
kando ya aproni.

Ilinca, miaka minne, anataka kujua
kwa nini jogoo wangu hana miguu,
kwa nini udongo hauna mama,
kwa nini naishika pembe ya ng'ombe kama chupa ya mtoto
na rangi inatokea kwenye unyoya wa bata bukini.
La kwanza namjibu. La pili nanyamaza.
La tatu linanikuta mstari umekatika.

Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga,
wakimaanisha watoto.
Hawakusema ufanyeje ukiwa na vyote viwili,
vyote vibichi, vyote siku moja,
na mikono ni ile ile miwili
na mmoja una kinyesi.

Basi Jumanne nikafunga mlango.
Ndiyo, nilitia komeo.
Nikasikia kilio kikipanda ngazi zake:
kwanza cha hasira, kisha cha njaa, kisha cha mazoea,
na hicho cha tatu ndicho kilichoniuma.
Nilichora majogoo sita. Mazuri, sikatai.
Mkia wa yule wa sita ulikuwa mkia bora wa maisha yangu,
unyoya baada ya unyoya, mkono hautetemeki,
ndipo kitu kikaanguka upande wa pili.

Si mtoto. Mungu wangu, si mtoto.
Ni rafu ya sahani zilizokwisha kuiva:
kumi na moja chini.
Ilinca amesimama katikati na mwiko.
"Nilikuwa naandaa meza," akasema.

Nilipiga kelele. Nilichosema sikiandiki.
Majirani walisikia, waulizeni wao.
Kisha nikaenda nyuma ya tanuri lililopoa,
majivu sketini, nikalia kama mtu anayepiga chafya kanisani:
kwa vipande, kwa aibu.

Niliporudi walikuwa wameketi sakafuni.
Vigae vikubwa vimepangwa, kila mtu na chake.
Vidogo, vyenye ncha, amevifungia kwenye sanduku la viatu
"kwa sababu Toader anakula kila kitu."
Ugali wa jana, baridi, ameukata kwa uzi
vile vile ninavyoikata sahani kutoka gurudumuni.
Kigae changu kilikuwa na nusu ya jogoo,
upande wa mkia.

Mfinyanzi hulia gaeni.
Tangu utoto nilidhani methali hiyo inatuonea huruma.
Nilikula. Ugali ulikuwa na majivu kidogo,
na jibini ya kondoo ambayo sikumbuki kumruhusu aiguse.
Toader alinyoosha mkono. Nikamlambisha kidole.

Ishirini na moja zimebaki.
Kamba kifundoni, gurudumu, tone, tone.
Ilinca hataki kulala, nimempa donge.
Anafinyanga chini ya meza, ulimi nje,
na anasema huyu ni mama wa udongo.
Hana miguu.
Sijauliza kwa nini.