Shubiri Moja

Ubao wa uwanjani uliandika: Auckland.
Kilomita elfu tisa mia sita na ushee,
saa kumi na tatu angani.
Nikaitazama saa yangu ya mkononi.
Inaishia kumi na mbili.

Mimi seremala wa Chillán. Umbali nisioushika
siuamini. Basi niliporudi nyumbani
(saa tano za basi, na mfuko wako wa chakula
umeusahau mapajani mwangu)
nikaazima kwa Bi Hortensia tufe la mjukuu wake,
nikakata uzi ninaopigia mistari,
ncha moja Santiago, ncha ya pili Auckland,
nikauvuta.

Uzi ukaikataa njia niliyoiona ramanini.
Ukashuka kusini, kusini tena,
kama unaotaka kunusa barafu,
kisha ukaghairi, ukapanda.
Nikaulegeza, nikauvuta upya. Vilevile.
Kumbe iliyonyooka, Millaray, ndiyo iliyopinda.
Miaka arobaini nanyoosha mbao
na hakuna aliyeniambia.

Nikaweka mkono juu ya uzi:
gumba Santiago, kidole cha mwisho Auckland.
Shubiri moja, haizidi, haipungui.
Na safari yangu ya basi, ile iliyonivunja kiuno,
upana wa ukucha.
Nikarudia kwa sauti, shubiri,
ulimi ukaonja neno hilo
maana yake ya pili.

Uliruka Jumapili saa tano na nusu usiku.
Nusu saa tu, ikaingia Jumatatu,
siku uliyozaliwa, ukitimiza thelathini.
Nilioka keki. Imeungua upande mmoja.

Simu ikalia saa saba mchana.
Baba, nimefika. Huku ni Jumanne.
Jumanne? Na Jumatatu umeiacha wapi?
Ukacheka. Sijui, nililala.
Nilipofumbua macho walikuwa wanagawa mayai
na siku imekwisha badilishwa, kama shuka.

Siku njema huonekana asubuhi, husema watu.
Yako haikupewa asubuhi.
Ilipita chini ya mbawa, gizani, juu ya maji
yasiyo na mtu wa kuihesabu,
na wewe umefunikwa blanketi la shirika
hadi puani, navyokujua.

Haya, kesho kukoje? nikauliza.
Kesho kuna mvua, ukasema,
na afisa amenipokonya tufaha
ulilonitilia mfukoni.
Hawataki mbegu za watu.
Kisha ukaitwa: gari la shamba limefika,
ng'ombe wa Waikato hawajui sikukuu.

Nimekata keki vipande viwili.
Kilichoungua nimekula mimi.

Wanasema mkataba ukiisha, ukirudi,
utatua hapa kabla ya saa uliyoondokea kule,
siku moja utaipata mara mbili,
hesabu italingana.
Labda. Mimi najua hesabu za mbao.
Ukikata ubao kisha ukauunga tena,
hata gundi iwe nzuri namna gani,
utapungua upana wa msumeno.
Hicho kilichopungua hakijaibwa na mtu.
Kiko sakafuni, unga,
unakikanyaga kutwa
na kulala nacho kwenye nyusi.

Jioni Bi Hortensia amekuja kulichukua tufe,
mtoto ana mtihani.
Nimempa, na kipande cha pili cha keki.
Uzi nimebaki nao.