Skrubu ya Nne

Nimeilaza ubavu juu ya gazeti la jana.
Skrubu nne nimezitia kwenye kifuniko cha jamu,
moja ikakimbilia chini ya friji. Basi, tatu zitatosha.
Ndani, vumbi la miaka kumi na moja
limeatamia feni kama kuku.
Napuliza, napiga chafya, na jiko zima
linanuka sigara za Baba,
zile alizokatazwa na daktari,
zile alizotuapia kwamba kaziacha.

Kumbe ulikuwa ukivutia hapa, mzee.

Kesho basi dogo litaitoa Kutaisi, liipandishe Chiatura
kwa mdogo wangu Ketino, kwa wanawe Bacho na Tekle
wanaogombania simu moja yenye kioo kilichopasuka.
Ketino kasema, "Ifute yote, watoto wasikute vitu."
Vitu gani? Baba alikuwa na nini?
Stakabadhi za gesi.
Barua kwa ofisi ya maji, rasimu saba,
kila moja kali kuliko mwenzake, na hakuna iliyotumwa.
Picha arobaini za kidole gumba chake mwenyewe.
Nywila: jina la mama, kisha mwaka
ambao sisi hatuujui una nini.

Kwa pamba na spiriti nasugua kitufe kimoja kimoja.
Herufi zetu alizikata kwa mkasi, akazibandika kwa gundi,
maana mashine ilikuja ikijua herufi za wengine tu.
Thelathini na tatu, alizihesabu kwa sauti.
Mimi napata thelathini na mbili.
Nimeinamisha kibodi, nimekikung'uta:
makombo, unywele mweupe, ganda la jozi.

Halafu sataranji.
Daraja la tatu, na hakuwahi kulivuka.
Kashindwa mara mia mbili na kumi na nne;
mashine imeziandika zote, haina haya.
Mchezo wa mwisho uko wazi.
Malkia wake hayupo, farasi kabanwa pembezoni,
na zamu ni yake,
tangu Februari.

Nilikaa. Chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena.
Kisha nikafuta.
Barua zikaenda, na vidole gumba, na maji na gesi.
Mstari wa kijani ulitambaa hadi mwisho bila kuniuliza
ila mara moja tu: "Una hakika?"
Sikuwa na hakika. Nikabonyeza ndiyo.
Sataranji nilikuwa nimeitenga kwenye diski ndogo.
Nikairudisha, hivyo hivyo ilivyokuwa.

Jumapili kapiga simu Tekle, ana miaka tisa, hana salamu:
"Mama mkubwa, nani huyu anacheza vibaya namna hii?"
Nilikuwa nafagia. Skrubu ya nne
ilikuwa imetoka yenyewe chini ya friji,
nimeishika, ina baridi.
"Babu yako," nikamwambia.
Kimya. Nikasikia kipanya kikigonga, mara moja, mara mbili.
"Angemsogeza farasi," akasema.
"Basi msogeze."