Siku Tuliyowahamisha Nyoka

Pembe ya kusini-magharibi ya kiwanja chetu
haikuwahi kuonja panga.
Bibi Kalyanikutty aliiita kichaka chao,
akishusha sauti kama anayetaja jina la mkwe.
Jani likianguka huko, linaoza hukohuko;
mpira ukiingia, umekuwa wao.
Kaka yangu Raghavan alipoteza mipira saba.

Ndani, mawe manne yaliyotanua shingo,
yamepakwa manjano mpaka yamesahau kuwa mawe.
Huyu mfalme, huyu malkia, na hawa wawili
mtu kiunoni juu, nyoka kiunoni chini,
mikia imesukana kama nywele za bibi harusi.
"Chini yao kuna mji," alisema bibi.
"Hauna jua, wala hauna giza:
kila mkazi amebeba kito chake utosini."
Nikauliza, wanakula nini?
"Ahadi," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Usiku wa mvua alinipa ile ya ndimi:
maji ya uzima yaliwekwa juu ya majani makali,
nyoka wakaenda kuoga kwanza, kwa adabu,
wakarudi, chungu hakipo.
Wakayalamba majani, huenda tone limebaki.
Halikubaki. Ulimi ukapasuka vipande viwili:
kimoja cha kiu, kimoja cha kumbukumbu.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa nadhiri.
Miaka tisa mama hakushika mimba,
akaenda akafudikiza chungu cha shaba mbele yao;
alirudi kukifunua nikiwa kifuani mwake.
Basi mkisikia nimeuza, jueni nimemuuza nani.

Bibi amekufa. Raghavan ana deni la hospitali
na deni jingine asilolitaja.
Bwana Varkey alikuja na kamba ya kupimia,
mtu mpole, alivua viatu bila kuambiwa.
"Wahamisheni wenyewe kwanza," alisema.
"Siwezi kuishi na mpangaji nisiyemwona."
Maana wanahamishwa, naam: kuna utaratibu,
kuna ada, kuna na risiti.

Tukamwita Velayudhan na mkewe Chellamma,
wenye zeze la uzi mmoja na mtungi unaonguruma.
Walichora uani kutwa nzima, bila kalamu,
unga ukidondoka kati ya vidole:
mweupe wa mchele, mweusi wa makapi yaliyochomwa,
manjano, na manjano iliyochokozwa kwa chokaa
ikageuka damu.
Hakuna mstari ulionyooka. Nyoka hanyooki,
hata jina lake limepungukiwa herufi moja tu.

Wifi yangu Thankamani, karani wa benki,
anayehesabu mara mbili chenji ya muuza samaki,
akakalishwa katikati na shada la maua ya mpopoo.
Saa nzima, kimya. Mbu. Jirani akapiga miayo.
Kisha bega lake la kushoto likaanza peke yake,
nywele zikafumuka, akashuka,
akaenda kwa tumbo juu ya mchoro,
akiifuta kwa mwili kazi ya siku nzima.

Velayudhan akauliza, kama ilivyo desturi:
Mmeridhika? Mtakubali kwenda?
Tulingoja laana. Raghavan alishikilia noti mfukoni.
Sauti iliyotoka haikuwa yake, wala haikuwa na hasira.
"Sisi tuna pa kwenda," ilisema.
"Ninyi je?"

Asubuhi mawe yalifungwa shukani, yakapandishwa pikapu.
Lile dogo nililipakata njia nzima.
Lilikuwa na joto; labda la jua, labda la mapaja yangu.
Thankamani hakukumbuka kitu. Alilalamikia goti.

Sasa naishi Kochi, ghorofa ya nane.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka aonapo ung'ongo;
mimi sikuumwa, na hapo ndipo penye shida.
Nikikuta mpira wa maji umejikunja bafuni
nasimama mlangoni, nashusha sauti,
nangoja uniulize tena.