Zima Koroboi Kwanza

Jipu lilikaa juu kidogo ya goti,
limevimba, lina joto lake peke yake,
linadunda kama limemeza moyo.
Siku nne mama alilibandika majani ya mbono,
siku nne likakataa kufungua mdomo.
Usiku wa tano baba akanipakia kwenye keria,
Msuka hadi Konde,
na kila shimo la njia lilinijua kwa jina.

Umeme hakuna. Kituoni muuguzi mmoja tu,
Bi Mize Shaame, kanga kajitanda juu ya sare,
anaandika daftari kwa mwanga wa koroboi.
Akabonyeza, akasikiliza ninavyolia, akasema, "Limeiva hili."
Akatoa kabatini chupa ndogo ya kioo
yenye kichwa cha chuma na kijimdomo chembamba.
"Ganzi yenyewe ndiyo hii.
Zima koroboi kwanza, baba'ke."

Baba akasimama kama aliyetukanwa.
"Mtampasua mtoto kizani?"
"Hii haina utani na moto.
Ikiuona utambi itatuoka sote watatu,
na daftari langu, na takwimu za mwezi mzima."
Alisema hivyo bila kucheka.
Akafungua dirisha, akafungua na mlango,
maana mvuke wake, alisema, si wa kuvutwa:
huanza kwa kukulevya,
kisha moyo ukasahau zamu yake.
Baba akapuliza utambi. Harufu ya mafuta ya taa ikabaki
ikitafuta pa kutokea.

Tochi akapewa baba aishike.
Kwa kidole Bi Mize akazungushia mafuta ya mgando
pembezoni mwa jipu, ngozi nzima isidhurike,
kama mtu anayeweka mpaka wa shamba.
Akanigeuzia uso ukutani.
"Hesabu. Ukifika saba, niambie umeona nini."

Moja. Mlio mdogo, nyoka asiye na hasira.
Mbili. Maji, nikadhani.
Tatu. Si maji.
Baridi niliyoijua mimi ni barafu ya ukwaju
inunuliwayo langoni mwa skuli,
ikaisha kabla ya kengele.
Hii ilikuja na meno.
Nne, tano, malaika ya mwili yakasimama wima,
harufu tamu ikapita nyuma ya sikio,
na nilipochungulia, nami nimekatazwa,
ngozi yangu nyeusi imekuwa nyeupe,
imeota chumvi, goti la mtu mwengine.
Sita.
Saba sikuifikia. Alikuwa ameshakata.

Niliusikia mkono wake, kisu sikukisikia.
"Dakika haifiki," akasema, huku akikamua,
"na maumivu yatarudi kwao.
Hii haiponyeshi. Inapisha kisu tu."
Yakarudi. Nikapiga ukelele
mbwa wa Konde wakaujibu.
"Nipulizie tena!"
"Hapana. Nikirudia hapohapo nyama itaganda, itakufa.
Baridi nayo huunguza, mwanangu,
usione haina moshi."

Alikuwa anafunga bendeji
nilipoona duara la mwanga likicheza ukutani,
likipanda hadi kwenye kenchi,
likishuka hadi kwenye kalenda ya mwaka uliopita.
Upepo hakuna. Ni mkono wa baba.
Yeye hakupuliziwa popote.

Bi Mize akairudisha chupa, akafunga kabati kwa ufunguo,
akangoja harufu iishe, akangoja tena,
ndipo akampa baba kiberiti.
Njiti ya kwanza ikavunjika.
Ya pili ikawaka, ikafa.
Ya tatu Bi Mize aliichukua, akaiwasha mwenyewe,
akiangalia upande wa dirisha
mpaka baba alipomaliza kufuta uso.

"Saba," nikasema.
Hakuna aliyeniuliza nimeona nini.