Kishale

Nilitaka kitu kidogo tu:
programu ya kukaa kimya pembeni mwa skrini,
iniangalie ninavyochora kofia,
ikumbuke, basi.

Kompyuta yangu ya mezani ni ya mtumba,
ilifika Wete na kibandiko cha benki ya ugenini.
Feni yake hukoroma kama mtu aliyefuturu nyumba mbili.
Kumbukumbu giga nne. Ndizo hizo.

Faki, mtoto wa shangazi, akaniletea flashi,
programu tano ndani yake,
akazitandaza mbele yangu moja moja
kama muuza vitambaa anayejua utanunua kimoja.

Ya kwanza ya bure.
Lakini katikati ya kofia, penye kitovu cha ua,
inapiga jina lake kwa herufi nyeupe, kubwa.
Nani ataivaa hiyo Idi mosi?

Ya pili hukata dakika ya kumi.
Dakika ya kumi mie nimo bado kwenye lozi ya tatu.
Kofia ya mkono hula miezi;
aliyenipimia dakika kumi hajapata kushika sindano.

Ya tatu inaona, haisikii.
Nimesema saa nzima,
kwa nini vishimo havikai sawa ukivuta uzi kwa hasira,
kwa nini tunaanzia ukingoni,
kuicheza: kimya, nyumba iliyohamwa.

Ya nne, ah, ya nne!
Inakata, inaunga, inafuta kikohozi,
inafuta hata pale mkono ulipokosa.
Niliipenda kama mtu anavyopenda sebule ya mwenzake.
Inataka kadi, dola, kila mwezi.
Na katika zile siku saba zake za hisani
feni ilipiga ukelele, skrini ikaganda,
umeme ukakatika, nadhani kwa kunihurumia.

Ya tano Faki hakuisifu.
Dirisha la kijivu. Vitufe viwili: Anza, Simama.
Nyepesi. Haina mkasi.
Kilichoingia kimeingia.

Nikaichukua shingo upande.

Usiku nikaitazama kazi yangu, haya ikanishika.
Sikujua kuwa nasita hivi.
Kishale kinakwenda konani, kinarudi,
kinalizunguka ua mara tatu
kama nzi juu ya kawa,
kinachora, kinafuta, kinachora palepale.
Nyuma yake jirani anatwanga,
mwanangu anauliza chumvi iko wapi,
nami nasema, "Subiri,"
na sijui namwambia nani.
Miaka ishirini na miwili najiita fundi.

Nikarekodi tena. Ya pili mbaya kuliko ya kwanza:
sasa nilikuwa najijua.

Basi nikampelekea ile ile Mize Shaame, Kengeja,
ambaye nauli ya kuja Wete na kurudi
inamla faida ya juma zima.
Nikamwandikia: Uniwie radhi, sina cha kukatia.

Siku nne kimya.
Ya tano ikaingia picha ya kitambaa,
ua limekaa, kona imekaa,
na ujumbe usio na salamu,
haraka ya mtu mwenye sindano mkononi:

"Mwalimu, pale kishale kilipozunguka
ndipo nilipofahamu.
Yule fundi wa mwanzo alikuwa akichora moja kwa moja.
Nikidhani anayesita ni mie tu."

Nimeisoma mara mbili, nikaenda kutafuta chumvi.

Jana Faki kaja mbio, ngazi mbili mbili.
Ile ya nne kaipatia mlango wa nyuma,
haitaki kadi, haitaki dola,
itanifutia kila kosa.
Nikamwambia aketi, chai imo chupani,
na kipanya asikiguse,

narekodi.