Saa Tatu za Hemedi

Hakimu aligawa kila kitu.
Idi ya Mfunguo Mosi kwangu, ya Mfunguo Tatu kwa babake;
shule Edmonton, likizo ya Desemba Halifax;
hata baiskeli, hata bili ya daktari wa meno.
Saa tatu hakuzigawa.

Ndege inaondoka saa mbili asubuhi.
Nasema asubuhi kwa mazoea tu:
nje giza totoro, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
theluji inalia chini ya viatu kama chumvi ya mawe.
Kwetu saa huanza kuhesabiwa jua likichomoza.
Hapa Desemba jua hutoka saa tatu,
na hutoka kwa kubembelezwa.

Wamemvika kadi shingoni, kama sanduku.
Jina, umri miaka tisa, anayempokea: Kombo.
Mimi niko nyuma ya kadi, kwa herufi ndogo.
Mhudumu mwenye kucha za zambarau anamwambia
atakaa safu ya nne, dirishani.

"Mama, ni mbali kiasi gani?"
Kilomita elfu tatu na mia saba, kasoro kidogo.
"Kwa saa je?"
Kwenda, nne na dakika hamsini. Kurudi, tano na nusu.
Huko juu upepo huvuma kuelekea mashariki,
unaisukuma ndege ikienda, unaizuia ikirudi.
Akafikiri.
"Kwa hiyo upepo uko upande wa baba."

Nilimfunga zipu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Njia ya mwongo fupi.
Kwenye simu yangu ndege ni kidoti cha manjano
na nchi nzima ni shubiri moja:
gumba Edmonton, kidole cha mwisho baharini.
Nimeketi kwenye maegesho, gari linanguruma,
barafu ya kioo haitaki kuyeyuka.
Yuko Saskatchewan.
Nimefika nyumbani, nimetandika kitanda
ambacho hakitalaliwa hadi mwaka mpya.
Yuko Manitoba.
Nimeokota soksi moja, nimetafuta ya pili, sikuiona.
Yuko juu ya ziwa nisilolijua jina.

Anatua saa kumi kasoro dakika kumi, saa za kule.
Kwangu ni saa saba kasoro kumi,
wali uko jikoni, haujakauka maji.
Sasa zile tatu ziko wapi?
Sikuzila mimi. Kombo naye ataapa hakuziona.
Mtoto amezivuka amelala, mdomo wazi,
juu ya mawingu yasiyo na hakimu.
Zitarudi Januari, najua, hesabu naiweza;
zitarudi kama chenji ya dukani.
Lakini mwenye njaa ya leo
huambiwi ngoja chenji.

Simu inalia.
"Mama, huku jua linazama. Kwenu bado?"

Kwenu.

Nikaenda dirishani kuhakikisha.
Bado, nikamwambia. Bado lipo,
liko chini kidogo, juu ya paa la jirani.
Nikafunika wali.
Nikasimama nalo mpaka likaondoka.