Mtu wa Tatu

Nimeulizwa mara mbili, kwanza na karani, kisha na wakili wa tai nyekundu:
wewe ni nani katika shauri hili?

Naitwa Zamda binti Kirungi. Naosha maiti.
Mtaa wa Sikukuu wananijua kwa harufu ya kafuri,
na wako wanaonipa mkono kwa ncha za vidole,
kana kwamba nitawapima urefu.

Nyumba inayogombewa ina milango saba na kisima kilichofukiwa.
Aliiweka wakfu Bi. Msimu binti Pazi,
mpika vitumbua, mjane, hakujaliwa mtoto,
mwaka ule mvua ilipobomoa nusu ya Gerezani.
Hati yenyewe karatasi moja, ina doa la samli:
*Kodi ya nyumba hii inunue bafta, kafuri na sabuni
kwa maiti asiye na mtu.*
Basi. Hakuongeza neno.

Leo wadhamini wamegawanyika.
Upande mmoja wamuuzie mwenye ghorofa kumi na mbili,
upande wa pili wamuuzie mwenye kumi na nne.
Wanashtakiana, kila mmoja kwa heshima ya Bi. Msimu,
na hakuna aliyeomba isiuzwe.

Nikaenda stesheneri, nikachapiwa maombi: niunganishwe.
Wakili akainuka na pingamizi la awali.
Mheshimiwa, huyu si mdhamini,
si ndugu wa mweka wakfu, si mnufaika.
Hana haki ya kusimama mbele ya mahakama hii.

Mheshimiwa, mimi nimesimama tangu saa mbili
kwenye korido hii ya Kivukoni, benchi limekaliwa na mafaili.
Lakini nimeelewa. Si kusimama huko.

Wanufaika nimewaleta.
Wamo humu, daftari la shule, jalada lina twiga.
Mwezi wa tatu: kijana, Jangwani, maji yalipopungua. Shati la mpira, namba tisa.
Mwezi wa nne: mama, Amana, uzi mwekundu kidoleni. Vipande vitano.
Mwezi wa nne tena: mtoto. Hapo sikuandika zaidi.
Mwezi wa sita: mpagazi wa Shimoni,
wenzake walimjua kwa jina moja tu, Kakakuona.
Hao ndio waliotajwa kwenye hati.
Karani na atoke mlangoni, awaite mara tatu kama ilivyo desturi.
Hawatasimama, Mheshimiwa.
Niliwalaza mwenyewe, nikawakabidhi wachimbaji.

Wakili akatabasamu: hizo ni hisia, si sheria.
Pengine.
Sheria niliyosoma mimi ni ya maji:
anza kulia, mara tatu, hajatakata ongeza, tano, saba,
na umsitiri hata kama chumbani mko wawili tu, wewe na yeye.

Mnaniita mtu wa tatu. Nakubali.
Wa kwanza anauza, wa pili anauza.
Hati imesema *asiye na mtu*.
Niandikeni hivyo, mtu;
wa ngapi, hesabuni wenyewe.

Jaji aliandika kwa muda mrefu.
Kalamu ikaisha wino, akaazimwa nyingine.
Uamuzi tarehe kumi na tisa.

Sijafika hata chini ya ngazi, simu: Amana.
Mwanamke, wa makamo, siku ya nne hajaulizwa.
Nikapita dukani Kariakoo kuchukua bafta.
Akaunti ya wakfu imezuiwa, mama, kwa amri ya mahakama,
mpaka shauri liishe.

Nikafungua pindo la kanga, nikahesabu.
Pesa ilitosha vipande vitatu.
Viwili nikakopa,
na mwenye duka akaandika jina langu, lote, na la baba,
bila kuniuliza mimi ni nani katika shauri.